Kutoka Machela hadi Simu ya Mkononi: Historia ya Mchango wa Matibabu nchini Uganda na kwa Majirani Zake

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mchango wa matibabu nchini Uganda na katika nchi jirani za Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi, tangu vyama vya vijiji vya kubeba wagonjwa hadi maombi ya fedha yanayosambazwa leo kupitia WhatsApp na Facebook. Historia hiyo inasomwa kupitia minyambuliko minne ya kitenzi changa: kuchangiana, kuchangisha, kuchangia na kuchangiwa. Kila mnyambuliko unabeba uhusiano tofauti kati ya mgonjwa, jamii na dola. Hoja kuu ni kwamba ombi la mtandaoni limerithi msamiati wa ujima, lakini limepoteza zamu na wajibu vilivyoupa ujima nguvu. Kwa sababu hiyo, wingi wa maombi hayo haufai kuchukuliwa na watunga sera kuwa ushahidi kwamba jamii inajitosheleza. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kuhusu bima, sheria za uchangishaji, faragha na lugha ya sera.

Maneno muhimu: mchango, harambee, bima ya afya, mitandao ya kijamii, engozi

1. Utangulizi

Karibu kila mwenye simu ya kisasa katika Afrika Mashariki anaujua ujumbe huu kabla hajaumaliza kuusoma. Huanza kwa salamu na kumtaja Mungu. Hufuata picha ya mgonjwa, jina la maradhi, jina la hospitali, kiasi kinachohitajika na tarehe ya mwisho. Kisha huja namba ya simu ya kutumia fedha, pamoja na jina litakalotokea mtumaji atakapoingiza namba hiyo, ili ajue kwamba hajapotea. Mwisho huwekwa methali, mara nyingi ile isemayo kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Ikiwa ujumbe umetumwa katika kundi la WhatsApp, chini yake huanza orodha: namba moja, jina, kiasi, alama ya kuonyesha kwamba amekwisha kutuma. Kila mchangiaji huinakili orodha, huongeza jina lake na kuirudisha kundini.

Ujumbe huu huzungumzwa kwa namna mbili katika vikao vya sera. Wapo wanaouona kuwa ushahidi wa utu wa Mwafrika: tumekuwa tukichangiana tangu enzi za mababu, sasa tunachangiana kwa simu. Wapo wanaouona kuwa uwanja wa matapeli unaohitaji kudhibitiwa. Mitazamo yote miwili huanzia mwishoni mwa hadithi. Haiulizi ni kwa njia gani mgonjwa, ambaye zamani alibebwa na majirani bila kuomba, amefikia hatua ya kulazimika kuwashawishi watu asiowajua kwamba anastahili kuishi.

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kufuata neno. Kitenzi changa kina maana ya kukusanya vitu au fedha kutoka kwa watu kadhaa kwa lengo moja. Minyambuliko yake minne itakuwa dira yetu: kuchangiana katika kauli ya kutendeana, kuchangisha katika kauli ya kutendesha, kuchangia katika kauli ya kutendea, na kuchangiwa katika kauli ya kutendewa. Hatudai kwamba kila mnyambuliko ulizaliwa katika kipindi chake. Yote imekuwapo katika lugha kwa muda mrefu, na yote inatumika leo. Tunachodai ni kwamba kila kipindi kiliutanguliza mmoja wa minyambuliko hiyo, na kwamba mpangilio huo unaeleza mengi kuhusu nani alibeba mzigo wa ugonjwa.

2. Kuchangiana: machela na zamu

Kusini-magharibi mwa Uganda, hasa Kigezi, milima ni mikali na nyumba zimetawanyika kwenye miteremko. Kabla ya barabara na magari kuenea, mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa mabegani kwa machela. Katika Kinyankole na Kikiga machela hiyo huitwa engozi, na jina hilohilo ndilo lililopewa chama cha wabebaji. Kila kaya ya kijiji ilipaswa kutoa mtu wa kubeba. Wabebaji walipokezana njiani, na aliyekosa kufika bila sababu alitozwa faini. Nchini Rwanda machela ya aina hiyo huitwa ingobyi, neno ambalo pia hutaja ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni.

Mambo matatu katika utaratibu huo yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, wanachama walijulikana kabla ugonjwa haujatokea. Pili, wajibu haukusubiri ushawishi. Familia ilitoa taarifa tu kwamba kuna mgonjwa. Haikulazimika kueleza kwa nini huyu anastahili kubebwa kuliko yule, kwa kuwa swali hilo lilijibiwa siku kaya ilipojiunga. Tatu, kilichochangwa kilikuwa nguvu za mwili na muda, hivyo kaya maskini iliweza kulipa sawa na kaya tajiri.

Hatupaswi kuupamba utaratibu huu kupita kiasi. Mgeni kijijini au kaya iliyogombana na majirani ingeweza kuachwa. Tena machela ilimfikisha mgonjwa mlangoni mwa hospitali, na kazi yake ikaishia hapo. Hata hivyo, mantiki yake ilikuwa wazi, na haikuwa ya Kigezi peke yake. Buganda kuna vyama vya munno mukabi, yaani rafiki wakati wa dhiki. Waswahili nao wana vyama vya kufa na kuzikana, na katika jina hilo kiambishi cha kutendana kinatangaza mkataba mzima: ninayemzika leo ni miongoni mwa wale watakaonizika kesho.

Mantiki hiyo ilithibitika kuwa inaweza kubeba mzigo mkubwa kuliko machela. Mwaka 1996 Hospitali ya Kisiizi, inayomilikiwa na Kanisa la Uganda wilayani Rukungiri, ilianzisha mpango wa kulipia matibabu mapema na kuutumia muundo wa vyama vya engozi kuandikisha wanachama. Faida ilikuwa ya kiutendaji. Tatizo kubwa la bima ya hiari ni kwamba wagonjwa hukimbilia kujiunga na wazima hujiweka kando. Kundi zima linapojiunga kwa pamoja, wazima na wagonjwa huingia kwa mlango mmoja. Nchini Rwanda, mwaka 1999, majaribio ya bima ya jamii, ambayo Wanyarwanda wengi huiita mituweli, yalianza katika wilaya tatu za afya za Byumba, Kabgayi na Kabutare, kisha mpango ukaenea nchi nzima na kuwekewa sheria. Katika mifano hii miwili kuchangiana kuligeuzwa kuwa bima bila kupoteza kiini chake, yaani kutoa kabla ya kuhitaji, na kupokea bila kuomba.

3. Kuchangisha: harambee na mgeni rasmi

Tarehe 1 Juni 1963, Kenya ilipopata madaraka ya kujitawala, Jomo Kenyatta aliifanya harambee kuwa wito wa taifa. Neno hilo lilikuwa mwito wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja. Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson, katika utafiti wao wa mwaka 1977, walionyesha jinsi wito huo ulivyokuwa chombo cha kujengea shule, zahanati na miradi ya maji vijijini, mara nyingi kwa matarajio kwamba wanakijiji wakianza, serikali itamalizia.

Kisarufi, harambee ilikuwa ya kutendesha. Palikuwa na mtu au kamati iliyowafanya wengine watoe. Kadi zilichapishwa, mgeni rasmi akaalikwa, majina na viwango vikasomwa kwa kipaza sauti. Aliyetoa kingi alishangiliwa, na aliyetoa kidogo alijulikana. Utoaji ukawa tendo la hadharani lenye cheo. Taratibu shabaha ya harambee ilipanuka kutoka shule ya kijiji hadi karo ya mwanafunzi mmoja, mazishi ya mtu mmoja na matibabu ya mgonjwa mmoja. Sambamba na hilo, wanasiasa waliigeuza kuwa jukwaa la kununulia uungwaji mkono, na watumishi wa serikali wakaitumia kuwabana raia. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2003 iliweka mipaka kwa watumishi wanaotumia ofisi zao kuchangisha.

Uganda haikuwa na harambee kama sera ya taifa, lakini utaratibu wake unafahamika. Mikutano ya maandalizi ya harusi jijini Kampala ina mwenyekiti, mweka hazina na ahadi zinazotajwa kwa sauti mbele ya watu. Ugonjwa ulipohitaji fedha nyingi, familia za mjini zilikuwa tayari na kiolezo cha kufuata.

Harambee iliacha urithi wa namna mbili katika ombi la mtandaoni. Wa kwanza ni orodha: majina yanayonakiliwa katika kundi la WhatsApp ni kipaza sauti kilichogeuzwa maandishi. Wa pili ni mchangishaji, mtu mwenye kipawa cha kufungua mifuko ya wengine. Katika engozi mtu huyo hakuhitajika. Tangu harambee, mafanikio ya mchango yalianza kutegemea nani anaomba na anafahamiana na nani.

4. Kuchangia: pale ada ilipoitwa mchango

Hatua ya tatu haikuanzia kijijini. Madeni ya miaka ya 1980 na mipango ya marekebisho ya uchumi vilizisukuma serikali za Afrika kutafuta fedha za afya kwa watumiaji. Mwaka 1987 Mpango wa Bamako ulikubaliwa na mawaziri wa afya wa Afrika, na mwaka huohuo Benki ya Dunia ikachapisha sera iliyopendekeza wagonjwa watozwe ada. Kenya ilianza kutoza katika hospitali za umma Desemba 1989, ikasitisha kwa sehemu mwaka uliofuata, kisha ikarudisha. Tanzania ilianza mwaka 1993. Nchini Uganda wilaya nyingi zilitoza ada katika miaka ya 1990.

Kwa mtafiti wa lugha, jina la sera hiyo lina uzito kuliko linavyopewa kwa kawaida. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa fedha anayolipa mtu ili ahudumiwe: ada, malipo, gharama. Lakini sera ilitangazwa kwa jina la kuchangia gharama, na Tanzania ikaiita rasmi uchangiaji wa huduma za afya. Neno lililokuwa mali ya majirani likahamishiwa kwenye dirisha la malipo. Pamoja na neno, ulihamishwa pia uzito wake wa kimaadili: asiyetoa mchango ni mtu asiyetimiza wajibu.

Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni ya msingi. Mchango hutolewa kwa ajili ya mwenzako. Hapa mgonjwa alijichangia mwenyewe, na katika siku aliyokuwa na uwezo mdogo kuliko siku nyingine zote. Katika kauli ya kutendea, anayetendewa kwa kawaida ni mtu: tunamchangia jirani. Katika istilahi ya sera, kilichokaa mahali pa mtu ni gharama. Jirani aliondolewa katika sentensi.

Matokeo yake yalionekana kwenye malango ya hospitali. Burundi ilianzisha utaratibu wa kurejesha gharama mwaka 2002. Septemba 2006 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu wagonjwa maskini waliozuiliwa hospitalini nchini humo kwa kushindwa kulipa. Mwaka 2006 huohuo serikali ilitangaza huduma za bure kwa uzazi na kwa watoto wa chini ya miaka 5. Nchini Kenya, mwaka 2015, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia wanawake waliojifungua kwa sababu ya deni la hospitali ni ukiukaji wa haki zao. Katika mazingira hayo kitenzi kugomboa, kinachotumika kwa kitu kilichowekwa rehani, kilianza kusikika kikitumika kwa mgonjwa na hata kwa maiti. Familia ilichanga ili kumgomboa mtu wake.

Uganda ilifuta ada katika vituo vya umma Machi 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Idadi ya waliofika vituoni iliongezeka, hasa maskini. Lakini kufuta ada hakukufuta gharama. Dawa zisizokuwapo kituoni zilinunuliwa duka la dawa, vipimo vilifanywa kwenye maabara binafsi, na maradhi yenyewe yalikuwa yakibadilika. Saratani, figo na moyo ni maradhi ya fedha nyingi, tena huhitaji vifaa vichache vilivyo mbali. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilitegemea mashine moja ya tiba ya mionzi iliyopatikana mwaka 1995. Mashine hiyo ilipoharibika mwaka 2016, aliyehitaji mionzi alitakiwa kuvuka mpaka au kusubiri; mashine mpya ilizinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2018. Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili, Tanzania, Novemba 2017, na nchini Rwanda na Uganda mwaka 2023. Kabla ya hapo, kwa wagonjwa wengi wa eneo hili, matumaini yalikuwa na jina la mji wa India na bei ya tiketi ya ndege.

Wakati mahitaji hayo yakikua, mfuko wa kuyabeba haukuwapo. Machi 2021 Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bima ya taifa ya afya, lakini haukutiwa saini kuwa sheria. Hata Rwanda, ambako mituweli imeandikisha zaidi ya asilimia 80 ya wananchi, ilikuwa mwaka 2025 tu ndipo serikali ilipotangaza kuingiza katika bima hiyo huduma ghali kama upandikizaji wa figo na matibabu zaidi ya saratani. Ombi la mtandaoni lilizaliwa ndani ya pengo hilo.

5. Kuchangiwa: mgonjwa mbele ya umma

Teknolojia haikuleta pengo, ililikuta. Zamani fedha za mchango zilisafirishwa kwa mikono ya jamaa au dereva wa basi. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, na huduma kama hiyo ya MTN nchini Uganda Machi 2009, umbali kati ya huruma na malipo ulipungua hadi dakika moja. Mwaka 2011 kampeni ya Kenyans for Kenya, iliyohusu njaa na si ugonjwa, iliwazoesha watu wengi kumtumia fedha kwa simu mtu wasiyemjua. Mwaka 2012 jukwaa la M-Changa lilianza nchini Kenya, likiunganisha uchangishaji na fedha za simu. GoFundMe, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2010, hufika kwetu kwa mlango wa pembeni: anayefungua kampeni huhitaji akaunti ya benki katika nchi zinazohudumiwa na jukwaa hilo, na nyingi ya nchi hizo ziko Ulaya na Amerika Kaskazini. Mgonjwa wa Mbarara au Gitega hulifikia kupitia jamaa aliyeko ng'ambo. Asiye na jamaa huyo hana mlango.

Mabadiliko makubwa zaidi yamo katika nafasi ya mgonjwa. Katika kuchangiana alikuwa mwanachama. Katika kuchangiwa amekuwa mpokeaji wa tendo la wengine, na ili tendo hilo litokee ni lazima aeleze, athibitishe na aguse mioyo. Lauren Berliner na Nora Kenworthy, waliochunguza kampeni 200 za aina hii nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2017, walionyesha kwamba waombaji husukumwa kuutengeneza ugonjwa wao uonekane kuwa unastahili. Hali hiyo inaonekana hata huku kwetu. Kuna maradhi yanayochangika kirahisi: mtoto mwenye tundu moyoni, upasuaji mmoja, kiasi kimoja, tarehe moja. Kuna maradhi yasiyochangika: ugonjwa wa akili, fistula, ini lililoharibiwa na pombe, na yote yanayobeba aibu. Msimuliaji hawezi kuyaandika bila kumfedhehesha mgonjwa.

Mfano wa figo unaeleza tatizo hili kwa uwazi. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi huhitaji kusafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, kwa maisha yake yote au hadi apandikizwe. Ombi la kwanza hujibiwa. La pili hujibiwa kwa uchovu. Kufikia la tano, kundi limenyamaza, na pengine mtu mmoja au wawili wameondoka kundini kimyakimya. Hakuna aliyefanya ubaya. Ni kwamba chombo kilichobuniwa kwa msiba wa mara moja kimepewa kazi ya kila wiki. Bima ingeweza kuibeba kazi hiyo kwa sababu haichoki na haihitaji kuguswa.

Tofauti ya pili ni ya kitabaka. Ombi linalofanikiwa mara nyingi limeandikwa na mtu aliyesoma, mwenye wanafunzi wenzake wa zamani mjini, mwenye picha nzuri na lugha inayovuka mipaka. Mkulima asiye na simu ya intaneti hubaki na kijiji chake, na kijiji chake hakina fedha za upasuaji. Mitandao hugawa msaada kwa kufuata ramani ya mahusiano yaliyokwisha kuwapo, na ramani hiyo haifanani na ramani ya ugonjwa.

Tofauti ya tatu ni ya faragha. Kijijini ugonjwa ulijulikana, lakini ulijulikana kwa watu ambao nao magonjwa yao yalijulikana. Picha ya mtoto aliyefungwa bendeji, pamoja na barua ya daktari yenye jina lake kamili, huendelea kuzunguka baada ya mtoto kupona, na huweza kuibwa na tapeli akaitumia kuomba kwa namba yake mwenyewe. Utapeli huo humrudia mgonjwa wa kweli: kadiri unavyoongezeka, ndivyo anavyotakiwa kuufunua mwili wake zaidi ili aaminiwe.

Dola nayo haikukaa pembeni. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya fedha za simu, ambayo baadaye ilipunguzwa na kubaki asilimia 0.5 kwenye utoaji wa fedha. Ilianza pia kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Kodi hii iliondolewa mwaka 2021 na nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti. Kwa miaka kadhaa, basi, ombi la matibabu lilitozwa kodi mara mbili: wasomaji walipolifungua, na familia ilipotoa fedha zilizopatikana.

Hata hivyo, historia hii haielekei upande mmoja tu. Katika simu hizohizo yapo makundi ya ukoo, ya jumuiya za kanisa, ya waumini wa msikiti mmoja na ya waliosoma pamoja, ambayo yamejiwekea kiwango cha kila mwezi, mweka hazina na kanuni ya nani hupewa nini anapougua au kufiwa. Mgonjwa wa kundi hilo hatumi picha. Hutoa taarifa, na kanuni hufanya kazi. Huko ni engozi iliyohamia kwenye simu. Kinachotofautisha makundi haya na ombi la hadharani si programu wanayotumia, kwa kuwa ni ileile. Ni kuwapo kwa zamu.

6. Mapendekezo kwa sera

Kutokana na historia hii, makala yanatoa mapendekezo matano.

Kwanza, maombi ya mtandaoni yasihesabiwe kuwa chanzo cha fedha za afya. Wingi wake ni kipimo cha pengo. Wizara zinaweza kuyatumia kama taarifa: maradhi yanayoombewa mara kwa mara yanaonyesha huduma zipi hazimo katika bima au hazipatikani nchini.

Pili, bima ijengwe juu ya vyama vilivyopo. Kisiizi ilionyesha kwamba chama cha wabebaji kinaweza kuwa mlango wa kuandikisha wanachama, na Rwanda ilionyesha kwamba mpango wa aina hiyo unaweza kufika nchi nzima dola inapouwekea sheria na ruzuku. Vyama vidogo peke yake havitoshi, kwa kuwa upandikizaji mmoja wa figo unaweza kumaliza akiba yote ya kijiji. Hatari kubwa huhitaji mfuko mkubwa.

Tatu, sheria za uchangishaji zitofautishe wanaochangiana na wanaochangisha umma. Sheria ya Kenya ya makusanyo ya umma, yenye asili katika mwaka 1960, ilitungwa katika enzi ya kopo na kadi. Kuitisha leseni kwa ukoo unaomchangia mtoto wake ni kuwaadhibu wasio na kosa. Kwa maombi ya hadharani yatosha masharti machache: fedha zilipwe moja kwa moja katika akaunti ya hospitali inapowezekana, hospitali itoe makadirio ya gharama kwa maandishi, na itajwe mapema salio litakwenda wapi mgonjwa akifariki au fedha zikizidi.

Nne, faragha ya mgonjwa ilindwe. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zipo. Kinachohitajika ni mwongozo mfupi, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, unaoeleza familia na wahudumu wa afya ni nini kisichapishwe, hasa kuhusu watoto. Hapohapo, fedha zinazothibitishwa na hospitali kuwa za matibabu ziondolewe kodi ya miamala.

Tano, sera zitumie majina yanayolingana na mambo. Malipo yanayotozwa dirishani yaitwe ada. Fedha inayokatwa kabla ya ugonjwa kwa ajili ya wote ndiyo inayostahili kuitwa mchango, kwa maana ndiyo pekee iliyo karibu na kuchangiana. Hili si suala la ufasaha tu. Raia anayeambiwa kwamba ada ni mchango hupoteza neno la kudai kile alichoahidiwa.

7. Hitimisho

Tumeona mgonjwa akihama kutoka kauli moja ya kitenzi hadi nyingine: mwanachama katika engozi, mnufaika wa mchangishaji katika harambee, mlipaji mbele ya dirisha la hospitali, na hatimaye mwombaji mbele ya umma. Katika kila hatua jamii iliendelea kutoa, na anayesema kwamba utu umekwisha hajahesabu majina yaliyomo katika orodha za WhatsApp. Kilichopungua ni uhakika. Wabebaji wa Kigezi walijua kwamba siku yao ikifika watabebwa. Anayetuma shilingi 5,000 kwa mgonjwa asiyemjua hana hakika hiyo, na serikali yake bado haijampa. Kazi iliyo mbele ya watunga sera wa ukanda huu ni kuirudisha zamu katika mchango, kwa sheria na kwa mfuko wa pamoja, ili taarifa ya ugonjwa itosheleze bila kuambatana na ombi.